Nadhiri Imenielemea, na Alfajiri Bado Inanipita

SWALI

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, Ustadhi.

Mimi ni mume na baba wa watoto watatu, na nina umri wa miaka 41. Nakuandikia jambo ambalo sijamweleza mtu yeyote, hata mke wangu, kwa sababu nyumbani na miongoni mwa jamaa zangu najulikana kuwa mtu wa dini, na aibu ya kuonekana kinyume na ninavyodhaniwa imenifunga mdomo.

Ramadhani iliyopita nilijaaliwa kuiishi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Nilihitimu Kurani mara mbili, nilisimama usiku, na sikupitwa na Alfajiri hata siku moja. Usiku wa mwisho nililia kwa kuogopa kurudi nilikotoka. Siku ya Idi nikajipangia utaratibu wa mwaka mzima: rakaa nane za tahajudi kila usiku, juzuu moja ya Kurani kila siku, funga ya Jumatatu na Alhamisi, istighfari elfu moja, na kutoigusa simu baada ya Ishaa isipokuwa kwa dharura. Niliushika kwa siku 19. Usiku wa ishirini nilirudi kutoka kazini nikiwa hoi, nikalala bila tahajudi wala juzuu. Asubuhi nikajiambia kwamba usiku unaofuata nitasoma juzuu mbili ili nilipe. Sikuweza, nikawa nadaiwa tatu. Haikupita muda utaratibu wote ukaporomoka, na mahali pa msahafu pakakaa simu.

Haikuishia hapo. Siku hizi nakaa na simu hadi saa saba za usiku, na wakati mwingine hadi saa nane, nikitazama mambo yasiyo na faida na, Mwenyezi Mungu anisitiri, mengine ambayo macho yangu hayakupaswa kuyaona. Nikilala katika hali hiyo adhana siisikii, na kengele ya simu naizima bila kujitambua. Naamka jua limeshachomoza, naiswali Alfajiri kadhaa, yaani baada ya wakati wake, tena harakaharaka, kisha siku nzima nashinda na uzito moyoni.

Miezi mitatu iliyopita niliikasirikia nafsi yangu, nikainua mikono baada ya swala na kutamka kwa ulimi: "Naweka nadhiri kwa Mwenyezi Mungu, kila nitakapopitwa na Alfajiri nitafunga siku tatu." Nilidhani uzito wa adhabu ndio utakaoniamsha. Tangu siku hiyo nimepitwa mara 27. Nimefunga siku 11. Kwa hesabu yangu nadaiwa siku 70, na karibu kila wiki deni linaongezeka.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Nilikuwa na kawaida ya kuwaswalisha watu wa nyumbani kwangu siku ambazo sikwenda msikitini. Nimeacha, kwa sababu kila nikisimama mbele yao najiona mnafiki. Msikitini nako sionekani isipokuwa Ijumaa, na hata siku hiyo nakaa safu ya nyuma ili nitoke mapema. Wiki iliyopita binti yangu wa miaka tisa, ambaye huamka Alfajiri na mama yake, aliniuliza, "Baba, wewe Alfajiri umeacha?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Naomba uniambie, je, mimi ni mnafiki? Nadhiri hii nifanyeje? Na kama bado kuna njia ya kurudi, nianzie wapi?

Mwenye Deni

JIBU

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu Mwenye Deni.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nimeona nianze na swali lako la unafiki, kwa kuwa naamini hilo ndilo linalokudhuru kuliko deni la funga na kuliko hata usingizi wenyewe. Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.), aliyekutana na Sayyidna Abubakar (r.a.) akamwambia, "Hanzala amekuwa mnafiki." Alipoulizwa sababu, akaeleza kwamba wanapokuwa mbele ya Mtume wakikumbushwa Pepo na Moto huwa kana kwamba wanaviona kwa macho, lakini wakirudi kwa wake zao, watoto na shughuli zao, husahau mengi. Abubakar hakumkemea, bali alikiri kwamba na yeye hupatwa na hali hiyohiyo, wakaenda wote wawili kwa Mtume. Jibu walilopewa ni kwamba lau wangedumu katika hali wanayokuwa nayo mbele yake, Malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani, lakini, "Ewe Hanzala, kuna saa na saa," akalirudia neno hilo mara tatu. Naye Ibn Abi Mulayka, katika waliokuja baada ya Masahaba, amesema kwamba aliwakuta Masahaba thelathini, kila mmoja wao akiuhofia unafiki juu ya nafsi yake. Kwa hiyo hofu uliyo nayo si alama ya kwamba umeshatoka katika kundi la waumini, kwani mnafiki wa kweli hakosi usingizi kwa ajili ya swali hilo, wala haandiki barua kuuliza.

Hata hivyo sitakuficha upande wa pili, maana kukufariji kwa nusu ya maneno ni kukudhulumu. Mtume (s.a.w.) amesema, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba hakuna swala zilizo nzito zaidi kwa wanafiki kuliko Ishaa na Alfajiri, na kwamba lau wangejua yaliyomo ndani yake wangeziendea hata kwa kutambaa. Hofu yako ina msingi, na sikuombi uiondoe. Ninachokataa ni mahali hofu hiyo ilikokupeleka. Mwenyezi Mungu anasema katika Sura ya 51, aya ya 50, "Basi kimbilieni kwa Mwenyezi Mungu." Mtu akimwogopa kiumbe humkimbia, lakini akimwogopa Muumba wake humkimbilia, kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Hofu iliyokutoa safu ya mbele ikakuweka karibu na mlango, ikakuvua uimamu wa nyumba yako, na ikakuacha usiku peke yako na simu, hiyo haina tabia ya hofu ya Mwenyezi Mungu hata kidogo. Shetani akishindwa kumzuia mtu kuona kosa lake, hulifanya kosa hilo kuwa hoja ya kumzuia kutubu, na wewe, ndugu yangu, umeikubali hoja hiyo kwa muda wa miezi kadhaa. Fudhayl bin Iyadh, mchamungu mashuhuri aliyefariki mwaka 187 Hijria, alisema kwamba kuacha amali kwa ajili ya watu ni riya, yaani kujionyesha. Uliacha kuwaswalisha watoto wako kwa kuogopa kuonekana mwema kuliko ulivyo, ukadhani hiyo ni ikhlasi, kumbe bado ni jicho la watu ndilo linaloamua uswali wapi na usiswali wapi.

Sasa tuje kwenye nadhiri, na hapa naomba usome polepole.

Kwanza ujue kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuweka nadhiri, akasema, kama alivyopokea Ibn Umar (r.a.), kwamba nadhiri haileti heri, bali hutolewa kwayo mali ya bakhili. Wanazuoni wamelieleza katazo hili kwa njia mbalimbali, lakini maana yake inaonekana wazi katika barua yako: mtu hujitwisha jambo ambalo Mola wake hakumtwisha, akidhani kwamba uzito wake utamlazimisha kuwa mwema, kisha huishia kuwa na makosa mawili badala ya moja. Tazama jinsi sheria ilivyokuwa nyepesi kuliko wewe. Katika Hadithi ya Anas bin Malik (r.a.), aliyesahau swala au akapitwa nayo kwa usingizi ataiswali atakapoikumbuka, na hakuna kafara nyingine isipokuwa hiyo. Mtume hakuongeza siku tatu za funga. Uliyeziongeza ni wewe.

Lakini nadhiri ikishatamkwa si kitu cha kupuuzwa, na ndiyo maana nimefurahi kwamba umeyanukuu maneno yako kama ulivyoyasema. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wanatofautisha kati ya nadhiri anayoiweka mtu kwa kujikaribisha kwa Mola wake, kama anayesema, "Akipona mgonjwa wangu nitafunga," na nadhiri anayoitamka mtu kwa hasira au kwa kujizuia na jambo, ambayo huitwa nadhiri ya lajaji. Yako, kwa jinsi ulivyoieleza, inafanana na hii ya pili, na kuhusu hii Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameitia nguvu kauli ya kwamba mwenyewe ana hiari ama atekeleze alichokitamka ama atoe kafara ya yamini, yaani ya kiapo. Msingi wa kafara hiyo ni Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Uqba bin Amir (r.a.), "Kafara ya nadhiri ni kafara ya yamini." Nayo imetajwa katika Suratul Maida, aya ya 89: kulisha masikini kumi kwa chakula cha wastani mnachowalisha watu wenu wa nyumbani, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge siku tatu. Nazikumbusha daraja hizi kwa sababu watu wengi hukimbilia funga moja kwa moja, ilhali aya imeiweka kwa yule asiyeweza yaliyotangulia.

Linabaki jambo moja ambalo sitalikata mimi hapa. Umesema "kila nitakapopitwa," na neno hilo "kila" lina uzito wake katika kuamua kama kafara itakuwa moja au zitakuwa nyingi, na kama nadhiri itaendelea kukufunga siku zijazo. Hilo linahitaji mwanachuoni atakayekaa nawe ana kwa ana, akusikilize na kukuuliza nia yako ilikuwa nini. Mpelekee maneno uliyoyaandika humu, neno kwa neno, bila kuyapunguza kwa aibu wala kuyazidisha kwa hasira, na uende wiki hii hii. Siku 11 ulizokwisha kufunga hazijapotea mbele ya Mola ambaye hapotezi ujira wa mtenda mema. Kuhusu hizo 70, acha kuzihesabu kila usiku mpaka utakapopewa jibu, kwa sababu naona hesabu hiyo imekuwa namna nyingine ya kujikatisha tamaa.

Kuna kisa kimoja ambacho siwezi kukiacha, maana mwenye kisa alipita njia uliyopita wewe. Abdullah bin Wahb wa Misri, mwanafunzi wa Imamu Malik, aliyefariki mwaka 197 Hijria, amesimuliwa akisema kwamba aliweka nadhiri ya kufunga siku moja kila atakapomsengenya mtu. Funga ikamchosha, kwani alikuwa akisengenya kisha anafunga, akisengenya tena kisha anafunga tena. Ndipo akaazimia kutoa dirhamu moja kila atakaposengenya, na kwa kuzipenda dirhamu zake akaacha kusengenya. Mtu mkubwa kama huyo katika elimu alilazimika kuijaribu nafsi yake, akaona kwamba dawa ya kwanza haimfai, akabadilisha dawa bila kuacha tiba. Sikuambii uweke nadhiri ya fedha, nadhiri zitoshe. Ninalotaka ulione ni kwamba adhabu inayokuchosha bila kukugeuza si mujahada, yaani si kupambana na nafsi kwa kweli, na hakuna wema katika kuendelea nayo.

Ukiniuliza utaratibu wako uliharibika wapi, nitakwambia kwamba haukuharibika usiku ule wa ishirini uliporudi umechoka, bali uliharibika siku ya Idi ulipoupanga. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111 kwa hesabu ya Miladi, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara ambaye hukabidhiwa mali, huwekewa masharti, hufuatiliwa, kisha hukaa naye mtu jioni wakafunga hesabu. Katika hesabu hiyo, anasema, mtaji wa mja ni faradhi zake, faida yake ni sunna na fadhila, na hasara yake ni maasi. Angalia daftari lako kwa jicho hilo. Ulipanga rakaa nane, juzuu, funga mbili kwa wiki na istighfari elfu, na yote hayo ni faida. Faradhi ya Alfajiri, ambayo ndiyo mtaji, hukuiwekea ulinzi wowote wa peke yake, kwa kuwa ulidhani imo ndani ya tahajudi. Faida ilipokosekana ukashtuka na kuhuzunika, mtaji ulipoanza kuliwa ukawa umeshachoka kuhuzunika. Mpangilio huu ni kinyume cha ule uliomo katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, ambamo Mwenyezi Mungu anasema kwamba mja wake hajikaribishi Kwake kwa kitu anachokipenda zaidi kuliko alichomfaradhishia, kisha ndipo anapotajwa mja anayeendelea kujikaribisha kwa sunna mpaka Mola wake ampende.

Wapo walio bora kuliko sisi waliojipangia mazito wakaja kuujua uzito wake baadaye. Abdullah bin Amr bin al-As (r.a.) alikuwa kijana mwenye nguvu, akitaka kufunga kila siku na kuswali usiku kucha, na Mtume (s.a.w.) akawa anampunguzia naye akiomba kuongezewa, mpaka wakafikia funga ya Nabii Daudi, yaani kufunga siku moja na kula siku moja. Alipozeeka alisema kwamba laiti angekubali ruhusa ya Mtume. Ni huyuhuyu Abdullah aliyeambiwa na Mtume, "Usiwe kama fulani, alikuwa akisimama usiku, kisha akaacha kusimama usiku." Na Bi Aisha (r.a.) amepokea kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa chache. Uchache uliotajwa hapo watu huusikia kama ruhusa ya wavivu, nami naona ni kinyume chake: rakaa mbili zisizokosekana kwa mwaka mzima zinahitaji nidhamu kubwa kuliko rakaa nane za siku 19, kwa sababu zitakukuta ukiwa na furaha na ukiwa na msiba, ukiwa na afya na ukiwa na homa.

Kwa hiyo nakuomba uufute ule utaratibu wote. Najua utaona uchungu, lakini ufute. Kwa siku arobaini zijazo uwe na jambo moja tu la kulinda kama mlinzi wa zamu, nalo ni Alfajiri kwa wakati wake pamoja na rakaa zake mbili za kabliya, ambazo Mtume (s.a.w.) amesema ni bora kuliko dunia na vilivyomo. Kurani usiiache, ila soma ukurasa mmoja. Na ukipitwa na ukurasa huo usiku usiulimbikize kama ulivyozilimbikiza juzuu, Sayyidna Umar (r.a.) amepokea kwa Mtume kwamba anayelala akapitwa na uradi wake wa usiku, yaani kisomo alichojizoesha, kisha akausoma baina ya Alfajiri na Adhuhuri, huandikiwa kama aliyeusoma usiku. Uradi una nafasi yake ya kulipwa, tena pana, bila riba.

Ama Alfajiri yenyewe, vita vyake haviko Alfajiri. Mtu anayelala saa nane ameshaamua, kwa sehemu kubwa, jambo litakalotokea adhana itakapotolewa, na kengele anayoitega ni ya kujiliwaza tu. Abu Barza (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Ishaa na kuzungumza baada yake. Tafakari jinsi mwongozo huu mfupi unavyoligusa tatizo lako, ambalo chanzo chake ni yale mazungumzo ya usiku yasiyokwisha yaliyomo ndani ya simu. Nakutaka simu isilale chumbani mwako. Usiseme kwamba utaiweka mbali na mto au utaizima, kwa maana umeshajaribu ahadi za namna hiyo. Ilale chumba kingine, na kengele yake iwe huko, ili anayetaka kuizima alazimike kusimama kwa miguu yake. Mtume (s.a.w.) ametuambia kwamba Shetani humfunga mtu aliyelala mafundo matatu kisogoni, na kila fundo hulipigia maneno ya kwamba usiku bado ni mrefu, basi alale. Akiamka akamtaja Mwenyezi Mungu hufunguka moja, akitawadha hufunguka la pili, akiswali hufunguka la tatu, akapambazukiwa mchangamfu na mwenye nafsi njema; la sivyo hupambazukiwa na nafsi mbaya na uvivu. Ule uzito unaoshinda nao siku nzima umeelezwa hapo karne nyingi kabla yako. Na ona kwamba fundo la kwanza halifunguliwi kwa kusimama wala kwa maji baridi, bali kwa ulimi tu, ukiwa bado umelala. Kwa hiyo ukisikia sauti ya kwanza, kabla hujajadiliana na nafsi yako kuhusu dakika tano zaidi, mtaje Mola wako.

Kabla ya kulala tawadha kama unavyotawadha kwa swala, lala kwa ubavu wa kulia, usome Ayatul Kursiyyu. Kisha fanya hesabu ya dakika chache. Imenukuliwa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.), "Jihesabuni wenyewe kabla hamjahesabiwa," na neno lenyewe linaonyesha kwamba hiyo ni hesabu, si matusi. Jiulize mtaji wa leo umebaki mzima au umeliwa, na kama umeliwa, umeliwa saa ngapi na kwa sababu gani. Omba maghufira, azimia jambo moja la kesho, ufumbe macho. Kujilaani mpaka saa saba za usiku kutakunyima Alfajiri kama inavyokunyima simu.

Kuhusu ulivyovitazama, umelitaja kwa kifupi, nami sitalirefusha kwa sababu kusitiri ni katika dini. Aya ya 30 ya Suratun Nur imewaamrisha waumini wanaume kuinamisha macho yao, na kwa hali yako mlango wa kosa hilo unajulikana mahali ulipo na saa unayofunguka, hivyo simu ikitoka chumbani nusu ya kazi imekwisha. Nusu iliyobaki ni toba kila unapoteleza, hata ukiteleza mara nyingi. Katika Hadithi ya Abu Huraira (r.a.) ametajwa mja aliyefanya dhambi akaomba msamaha, akarudia akaomba, akarudia tena akaomba, na kila mara Mola wake akisema kwamba mja wake amejua kuwa anaye Mola anayesamehe dhambi na kuadhibu kwayo, na kila mara akisamehewa. Kusamehewa kwake kulifungamana na kurudi, wala hakuambiwa kwamba amezidi idadi.

Mke wako mwambie. Si lazima umweleze ulichokitazama, kwa maana Mtume ameonya juu ya wanaodhihirisha dhambi walizositiriwa na Mola wao, lakini mwambie kwamba Alfajiri inakushinda na kwamba unahitaji mkono wake. Mtume (s.a.w.) alimwombea rehema mume anayeamka usiku akaswali na kumwamsha mkewe, na akikataa akamrashia maji usoni, kisha akamwombea rehema mke afanyaye vivyo hivyo kwa mumewe. Hadithi hiyo, iliyopokewa na Abu Dawud, haikumfanya mume kuwa mwamshaji siku zote. Umeishi nyumba moja na mtu anayeamka Alfajiri kila siku, ukaona aibu kumwomba akuamshe. Hiyo ni heri uliyokuwa umeilalia. Rudi pia kuwaswalisha, kuanzia Ishaa ya leo. Baada ya swala, iombe dua ambayo Mtume alimuusia Muadh bin Jabal (r.a.) asiiache mwisho wa kila swala, "Allahumma a'inni ala dhikrika wa shukrika wa husni ibadatik," yaani, ewe Mola nisaidie katika kukutaja, kukushukuru na kukuabudu kwa uzuri. Muadh, pamoja na elimu yake, alifundishwa kuomba msaada wa kuabudu, na wewe kwa miezi hii yote ulikuwa unautaka uwezo huo kutoka katika nafsi yako mwenyewe.

Lililobaki ni swali la binti yako, ambalo bado anakudai jibu. Usimwambie kwamba ulikuwa mgonjwa au kwamba uliswali peke yako. Mketishe leo baada ya Ishaa, umwambie kwamba baba alikuwa akishindwa na usingizi na kwamba hajaacha, na kisha umwombe kazi: kesho, yeye au wewe, atakayetangulia kuisikia adhana amwamshe mwenzake.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.